Nimepiga mashimo tisa bora ya maisha yangu kwenye gofu, handikapu ikapanda. Nani anielezee?

Nyavu za Dagaa

Wakuu, za jioni. Nisaidieni kabla sijaitupa hii simu ziwani.

Nakaa Nyegezi, kazi yangu ni kupeleka dagaa Kisumu. Gofu nimeifahamu kwa sababu ya safari hizo. Mzigo ukishashuka, mnunuzi anakwambia njoo kesho uchukue hela, na kesho yenyewe inakula siku nzima. Siku moja jamaa mmoja akanichukua nikambebee begi uwanjani, basi, ugonjwa ukaingia. Ila muda wangu siku zote ni wa mashimo tisa. Kumi na nane nacheza kukiwa na mashindano, tena kwa kuiba siku.

Nyumbani nimefunga wavu kati ya mwembe na nguzo ya tanki, napiga mipira alfajiri kabla sijaenda mwaloni. Mwanzo niliweka wavu kuukuu wa sangara. Mpira wa kwanza ulipita kwenye jicho la wavu kama vile hapakuwa na kitu, ukampata mbuzi wa jirani. Sasa natumia wavu wa dagaa.

Sasa shida yangu. Nilikuwa na handikapu (mikwaju unayopunguziwa kwenye mashindano; mchezaji akiboreka inashuka) ya 14.0. Wiki iliyopita nikapiga mikwaju 42 kwenye mashimo tisa. Arobaini na mbili! Sijawahi. Kadi inasema reitingi ya hayo tisa (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) ni 35.6 na slopu (ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida) 124. Nikarudisha kadi, nikalala kwa raha. Kesho yake nafungua programu, nakuta 14.3. IMEPANDA.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba miezi miwili nyuma nilishinda zawadi kwenye mashindano ya klabu moja, sitaitaja, na mzee mmoja pale akasema mbele ya watu kwamba "hawa wa mashimo tisa wanabeba handikapu za bure". Nilimkasirikia sana. Sasa akiona hii 14.3 atasema nini?

Chura wa Kirumba

Kwanza pole kwa mbuzi.

Hesabu Baridi

Nyavu, mbona ulilala kwa raha? Ulitegemea ishuke mpaka ngapi?

Nyavu za Dagaa

Mkuu, nilipiga hesabu yangu ya kienyeji. 42 kutoa 35.6 ni 6.4. Nikazidisha kwa 113, ile slopu ya uwanja wa kawaida, nikagawanya kwa slopu 124, ikaja 5.8. Mara mbili ni 11.6. Nikasema hapa nimeshuka tu.

Hesabu Baridi

Hesabu yako ni safi mpaka kwenye 5.8. Ulipozidisha kwa mbili ndipo ulipopotea, na hauko peke yako.

Mfumo wa Dunia wa Handikapu (ule wa mashirika yanayosimamia gofu, USGA na R&A ulioanza 2020) hauzidishi mashimo tisa kwa mbili. Tangu Januari 2024 unachukua tisa ulizocheza, halafu zile tisa ambazo hukucheza unazijaza kwa makadirio: mtu mwenye handikapu kama yako kwa kawaida hupiga ngapi kwenye mashimo tisa? Kwa mwenye 14.0 makadirio hayo ni 8.5. Kwa hiyo raundi yako imeandikwa 5.8 jumlisha 8.5, yaani 14.3.

Usichanganye 14.3 hii na 14.3 ya handikapu yako mpya. Ya kwanza ni tofauti ya raundi moja, yaani alama yake baada ya hesabu ya reitingi na slopu. Ya pili ni wastani wa raundi nane bora kati ya ishirini za mwisho. Zimefanana kwa bahati tu, nadhani. Fungua orodha yako ya ishirini uniambie ni raundi ipi ya zamani iliyotoka kupisha hii mpya.

Nyavu za Dagaa

Nimefungua. Nane zilizokuwa zinahesabiwa: 11.9, 12.9, 13.6, 14.1, 14.5, 14.8, 15.0, 15.2. Iliyotoka ni... 11.9. Duh. Ile ni ya mashindano ya mwaka jana, mashimo 18.

Hesabu Baridi

Basi mchawi ndiye huyo. Jumla ya nane ilikuwa 112.0, ukigawa kwa nane ni 14.0. Imetoka 11.9, imeingia 14.3, jumla sasa ni 114.4. Gawa kwa nane: 14.3.

Yaani hukuadhibiwa kwa kupiga 42. Raundi yako bora kuliko zote ilifika umri wa kustaafu siku hiyohiyo. Ungepiga vibaya ungepanda zaidi.

Na nikuongezee chumvi kwenye kidonda. Tuseme ungeendelea ukapiga tena 42 kwenye tisa za pili. 84 kutoa reitingi ya 71.2 ni 12.8, ukiipeleka kwenye slopu inakuja 11.7. Jumla ingekuwa 111.8, gawa kwa nane ni 13.975, inaandikwa 14.0. Siku mbili za ndoto ndani ya siku moja, na handikapu ingebaki palepale ilipokuwa.

Chura wa Kirumba

Huu mchezo ni kama mkopo wa kikoba. Unalipa unalipa, deni liko palepale.

Kedi wa Zamani

Vijana, hamjambo. Mimi nilibeba mabegi miaka mingi kabla magoti hayajagoma, sasa niko Musoma nafuga kuku. Hizo hesabu za simu sikuzikuta kazini, sisi tulikuwa na daftari la kapteni na penseli.

Lakini naomba kuuliza. Hayo makadirio ya 8.5 yametoka wapi? Mtu wa handikapu 14, nusu yake ni saba. Kwa nini asipewe 7.0? Naona kama anapewa mzigo asioustahili.

Hesabu Baridi

Shikamoo mzee. Hilo ndilo swali lenyewe, na wengi wanapita bila kuliuliza.

Handikapu si wastani wa mchezo wako. Ni wastani wa siku zako nzuri, nane kati ya ishirini. Zile kumi na mbili mbovu zimewekwa pembeni. Kwa hiyo mwenye 14.0, akiamka siku ya kawaida tu, hapigi 14. Anapiga kama 17. Nusu ya 17 ndiyo 8.5. Makadirio yanauliza siku yako ya kawaida, hayaulizi siku yako ya kujisifia.

Na hayaangalii uwanja uliopo wala historia yako binafsi. Watu wawili wenye 14.0, mmoja Mwanza mmoja Scotland, wanawekewa 8.5 ileile.

Kedi wa Zamani

Marahaba. Sasa nimeelewa. Nilikuwa naona kwa macho bila kujua jina lake: bwana anakuja na handikapu kumi na nne, na katika siku kumi nikimbebea anaicheza hiyo kumi na nne labda siku mbili, tatu. Zilizobaki ananilaumu mimi.

Ghuba ya Winam

Nawasalimu kutoka Kisumu. Hapa kwetu uwanja ni wa mashimo tisa, anayetaka kumi na nane anazunguka mara mbili. Watu wakumbuke kwamba ukizunguka mara mbili hiyo ni raundi ya 18 kamili, hakuna makadirio. Makadirio yanakuja ukicheza tisa tu ukaondoka, kama huyu ndugu yetu wa dagaa anavyokimbilia basi la Sirari.

Swali langu ni hili. Kuna siku giza linatukuta tukiwa shimo la kumi na tatu. Hiyo inakuwa ya tisa au ya kumi na nane?

Hesabu Baridi

Ukishamaliza angalau mashimo kumi, na ulianza kwa nia ya kumi na nane, inaandikwa kama raundi ya 18 na mashimo yaliyobaki yanajazwa kwa makadirio. Raundi ya tisa, lazima tisa zote uzicheze. Ukiishia shimo la saba, hiyo umefanya matembezi.

Chura wa Kirumba

Na ukiishia shimo la saba kwa sababu kiboko amekaa grini, pale penye nyasi fupi na shimo?

Ghuba ya Winam

Unacheka, lakini ile kanuni ya miaka ya 1950 ya Nyanza Club ya hapa Kisumu inajulikana dunia nzima: mpira ukikaa karibu na kiboko au mamba kwa namna ya hatari, unaruhusiwa kudondosha mwingine. Na kule Jinja walikuwa na ya kwao kuhusu mpira ulioingia kwenye unyayo wa kiboko. Handikapu ilikuwa shida ndogo.

Dada wa Ilemela

Kaka zangu naomba msinicheke. Mimi ni mgeni kabisa, nina raundi tatu za mashimo tisa na bado programu haijanipa handikapu yoyote. Na kuna shimo moja la pari 4 (linalotakiwa kumalizwa kwa mikwaju minne) nilipiga 11. Nimeharibu?

Hesabu Baridi

Dada karibu, hakuna anayecheka (isipokuwa Chura, huyo hahesabiki).

Ili upate handikapu ya kwanza unahitaji mashimo 54. Kwako hizo ni tisa mara sita, umefika nusu ya njia. Na kwa kuwa bado huna handikapu, hakuna makadirio ya kukujazia, kwa hiyo tisa zako zinaunganishwa mbilimbili kuwa raundi moja. Ukifikisha raundi tatu, mfumo unachukua iliyo bora kati ya hizo tatu na kuipunguza 2.0. Dari ni 54.0 kwa wanawake na wanaume sawa.

Ile 11 haiendi yote. Asiye na handikapu bado, kila shimo linakatwa kwenye pari jumlisha tano, kwa hiyo itaandikwa 9. Ukishapata handikapu mkato unakuwa mkali zaidi: pari jumlisha mbili, jumlisha mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo kulingana na handikapu yako. Pari 4 unayopewa mkwaju mmoja, mwisho ni 7 hata kama ulipiga 15 ukalia.

Dada wa Ilemela

Sikulia. Nilikaa kwenye mchanga kidogo tu. Asante kaka.

Nyavu za Dagaa

Turudi kwenye kesi yangu jamani. Kwa hiyo yule mzee aliyeniita mwizi hana hoja, si ndiyo? Nataka nimpelekee huu uzi.

Hesabu Baridi

Subiri kwanza usimpelekee.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, siwezi kukupa nusu ya jibu kwa sababu tu ndiyo nusu unayoitaka. Wewe si mwizi. Unarudisha kila kadi, mfumo unafanya kazi yake. Lakini mzee yule ameona kitu, hata kama amekisema kwa mdomo mchafu.

Angalia. Mwenye 14.0 amepata asubuhi tamu, tisa zake ni 5.5. Akiishia hapo inaandikwa 14.0. Akiendelea na tisa za pili akazipiga vilevile, inaandikwa 11.0. Siku mbovu, tisa zake ni 11.5. Akiishia hapo ni 20.0, akiendelea vibaya vilevile ni 23.0. Unaona? Mashimo tisa yanabana pande zote mbili. Nzuri haishuki sana, mbovu haipandi sana.

Sasa kumbuka mfumo unachukua nane bora tu. Kule juu kwenye ubovu hakuna anayekuangalia, 20 au 23 zote zinatupwa. Huku chini ndiko kunakohesabiwa, na huku chini ndiko ulikobanwa. Kwa hiyo mtu anayecheza tisa tupu mwaka mzima, mchezo uleule, mikono ileile, handikapu yake itakaa juu kidogo kuliko angecheza kumi na nane.

Ghuba ya Winam

Napinga kidogo, mwalimu. Ni nani anayepiga tisa mbili tamu mfululizo? Mimi nikipiga ya kwanza vizuri, ya pili ni maombolezo. Huo mfano wa 11.0 ni wa kwenye ubao.

Hesabu Baridi

Umesema kweli, na ndiyo sababu makadirio yenyewe ni ya haki. Ukiniuliza mtu aliyepiga 5.5 kwenye tisa za kwanza atapiga ngapi za pili, nitakwambia ya kawaida yake, 8.5. Sitakwambia 5.5 nyingine. Kwa raundi moja moja, makadirio hayo ndiyo dau zuri kuliko yote.

Lakini katika raundi ishirini za kumi na nane, mara moja au mbili zile tisa mbili zinakubaliana. Siku hiyo unashuka na 11.9. Nyavu anayo mfano mkononi: ile raundi yake bora, iliyostaafu wiki iliyopita, ilikuwa ya mashimo mangapi?

Nyavu za Dagaa

...Kumi na nane.

Chura wa Kirumba

Kimya kimetanda Nyegezi.

Kedi wa Zamani

Mwanangu Nyavu, usione aibu. Lakini kuna jambo moja hesabu hazijalitaja. Unacheza saa ngapi?

Nyavu za Dagaa

Asubuhi mzee. Saa moja na nusu niko kwenye tii, pale pa kuanzia, saa nne nimemaliza, natafuta hela yangu.

Kedi wa Zamani

Hapo sasa. Asubuhi ziwa limelala, bendera ya grini inaning'inia kama kanga kwenye kamba. Mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, bendera inasimama wima. Mpira uleule uliofika kwa fimbo ya chuma namba saba asubuhi, saa nane mchana unataka namba tano, inayopiga mbali zaidi. Wewe tisa zako zote ni za ziwa lililolala. Ukienda kwenye mashindano ya siku nzima, tisa za pili zinakukuta kwenye upepo ambao handikapu yako haijawahi kukutana nao. Kwa hiyo yule mzee angejua, angeona unachopata huku kinatoka kule.

Hesabu Baridi

Mzee, nimesimama. Hilo sikuwa nalo.

Mfumo una namna ya kupima siku ngumu, unalinganisha alama za siku hiyo na zilizotegemewa, na unaweza kuipunguzia raundi mpaka 3.0 siku ikiwa ngumu, au kuiongezea mpaka 1.0 ikiwa rahisi, nusu yake kwa mashimo tisa. Lakini unahitaji kadi zisizopungua nane za siku hiyo. Jumanne yenye watu watatu na mbwa haipimwi.

Ghuba ya Winam

Basi dawa ni awe harudishi tisa za asubuhi. Arudishe za kumi na nane tu.

Hesabu Baridi

HAPANA. Hapo ndipo wizi unapoanzia. Raundi iliyochezwa kwa kanuni, uwanja wenye reitingi, ukiwa na mwenzako wa kushuhudia, inarudishwa, iwe tamu iwe chungu. Ukianza kuchagua, yule mzee anakuwa amesema kweli.

Sanasana aongeze raundi za kumi na nane akipata nafasi. Na asiwe na hofu ya handikapu kuruka: ikizidi ile ya chini kabisa ya mwaka wake kwa 3.0, kinachozidi hapo kinakatwa nusu, na kwa vyovyote haiizidi hiyo ya chini kwa zaidi ya 5.0.

Dada wa Ilemela

Mimi bado natafuta tisa tatu nyingine. Nani anaenda Kisumu mwezi huu tugawane mafuta?

Nyavu za Dagaa

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zimepita.

Nilimtafuta yule mzee. Sikumpelekea uzi, nilimpigia. Nikamwambia baba, nimefuatilia, una nusu ya haki. Akanyamaza, kisha akacheka, akasema hajawahi kupigiwa simu ya namna hiyo. Tukapanga mechi, mashimo kumi na nane, anayeshindwa analipa sato wa kuchoma.

Tukacheza Jumamosi. Tisa za kwanza nikapiga 43, namwona anahesabu vidole. Tukanywa chai, tukatoka saa saba, na bendera ya kwanza ninayoiona imesimama wima kama alivyosema Kedi. Mkwaju wa shimo la kumi na moja niliupiga vizuri kabisa, nikauangalia unapanda, unasimama hewani kama umesahau kitu, unarudi kwenye nyasi ndefu. Tisa za pili ni 49. Jumla 92.

Nimeshapiga hesabu mwenyewe, mwalimu usahihishe: 92 kutoa 71.2 ni 20.8, kwenye slopu inakuja 19.0. Haimo kwenye nane bora. Iliyotoka nayo haikuwemo. Handikapu bado 14.3.

Hesabu Baridi

Alama zote. Na kama ungeishia kwenye ile 43 ungeandikiwa karibu 15.4, nayo isingeingia kwenye nane. Usijute.

Kedi wa Zamani

Sato alikuwa mkubwa?

Nyavu za Dagaa

Wawili mzee, na ugali, na soda za makedi. Mzee wa watu alitaka na kachumbari. Dagaa za wiki nzima zimeishia pale. Wabeja sana kwa wote. Dada wa Ilemela, Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, stendi ya Nyegezi, njoo na koti.